Peugeot ya Kingori na Petroli ya Miwa

Kama umewahi kuwa Othaya asubuhi ya Jumanne au Ijumaa, ukaona Peugeot nyeupe ya kizamani, mlango mmoja wa kijani, na mzee wa kofia ya sufu ameshika usukani kwa mikono miwili utadhani kuna mtu anataka kumpokonya, basi ulimwona mume wangu, Kingori. Na yule mwanamke wa kiti cha nyuma aliyejifunika blanketi, uso umevimba, hataki kusalimiwa na mtu, nilikuwa mimi. Jina langu Magdaline. Watu wananiita Mama Watiri, na Kingori mwenyewe ananiita hivyo siku zote. Akiogopa tu ndipo ananiita Magdaline.

Figo zangu zilikufa zote mbili. Sikujua mapema kwa sababu dalili yenyewe ilikuwa kuchoka, na ni mwanamke gani wa kuchuma majani chai hachoki? Sasa damu yangu inasafishwa na mashine, hospitalini Nyeri, mara mbili kwa wiki, masaa manne kila mara. Ukikosa siku moja, maji yanajaa miguuni, yanapanda kifuani, usiku hulali. Ukizidi kukosa, majirani wanaanza kuulizana nani ana sufuria kubwa ya kupikia watu wa matanga.

Kwenda si kazi sana. Kurudi ndiko kazi. Ukitoka kwa ile mashine umekamuliwa kama nguo, unatetemeka, kichwa hakijui kiko wapi. Nilijaribu matatu mara moja nikamtapikia mwalimu mmoja suruali yake ya kazi. Alikuwa mstaarabu, alisema haidhuru, lakini mimi nililia mpaka nyumbani. Baba Watiri akasema jambo hilo halitarudiwa. Gari iko.

Gari iko. Hayo ndiyo maneno aliyoishi nayo. Ujana wake wote aliendesha Peugeot za abiria, Othaya na Nyeri, Nyeri na Nanyuki, na zile kampuni zilipofunga akanunua moja iliyokuwa imechoka akaifufua. Tangu hapo, mwanamke akishikwa na uchungu kijijini, wanakuja kwetu: Kingori, gari iko? Gari iko. Maiti ya kutolewa mochari, gari iko. Kondoo wa kupelekwa soko la Chaka, bibi harusi, mahindi ya shule, gari iko. Siku moja alinisahau mimi Chaka pamoja na magunia ya watu, akafika nyumbani ndipo akakumbuka ana mke. Lakini kupima oili ya ile injini hajawahi kusahau hata siku moja. Nilikuwa nikimwambia, ningekuwa na kabureta ungenitunza. Nilikuwa na afya wakati huo, na mdomo pia.

Kwetu ni mgongo wa kilima. Barabara inatoka kwa lango letu, inateremka moja kwa moja hadi darajani, kisha inapanda ng'ambo ile hadi lami. Kwa hivyo Kingori hakuwahi kujisumbua na betri. Gari inaegeshwa uso ukiangalia chini, mawe mawili kwenye magurudumu. Asubuhi unatoa mawe, unaiachilia iteremke yenyewe, unatia gia ya pili, unaachilia klachi, inawaka kabla ya daraja na ile kasi inakupandisha ng'ambo. Kila mwenye gari kuukuu huku kwetu hufanya hivyo. Starta ni kitu cha watu wa tambarare.

Halafu ikaja petroli ya miwa.

Kuna kituo cha mafuta tulichozoea kujaza, jina silitaji maana sitaki kesi. Mwaka jana wakabandika karatasi kwenye pampu kwamba petroli yao sasa imechanganywa na ethanoli. Kingori akauliza ethanoli ni nini, kijana wa pampu akamwambia ni spiriti, inatoka kwa miwa, ni safi kuliko ile ya zamani, hata moshi hakuna. Bei nayo ilikuwa imeteremka kidogo. Kingori akarudi kwa usukani amefurahi. "Sasa gari inakunywa pombe," akaniambia. "Ndiyo itakuwa mlevi wa kwanza kwetu kufika hospitali kwa wakati."

Mimi sikucheka. Siku za kwenda kwa mashine sicheki.

Wiki ya pili ikaanza kukohoa. Tukifika ule mteremko wa kutoka Othaya inaenda vizuri, tukianza kupanda inashikashika, inaruka, inataka kuzima. Kingori anaiongelesha. Anaifungulia boneti kando ya barabara, anapuliza sijui nini kwa mdomo, anarudi na midomo inanuka petroli. Tulifika hospitali tumechelewa, sista akaangalia saa ya ukutani. Kule ukichelewa, kuna mwingine kwenye benchi anaingoja mashine yako.

Tukaipeleka kwa Muchiri, fundi aliye nyuma ya soko. Muchiri ni kijana wa miaka arobaini, yeye kwake Kingori ni guka, yaani babu, na mimi ni cucu, bibi, hata kama sina mvi nyingi hivyo. Akachomoa mpira wa kupitisha petroli, akaufinya, ukapasuka kwa vidole vyake kama mkate wa jana.

"Guka, umeona? Hii petroli ya siku hizi iko na spiriti. Gari mpya haina shida, mipira yake imetengenezewa hiyo. Hii yako ni ya kitambo. Spiriti inaikula."

"Ati inaikula? Petroli ikule mpira?"

"Inaikula. Na imekuoshea tangi. Kutu yote imelala huko chini miaka arobaini, sasa imeamka imeingia kabureta."

Nikiwa pale nyuma na blanketi langu nikacheka peke yangu. Mimi naoshwa damu, gari inaoshwa tangi, na hakuna kati yetu anayepona.

Muchiri akabadilisha mipira, akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya. Na kabla hatujaondoka akasema neno moja zaidi, na hilo neno mimi nililisikia vizuri. Alisema, "Na guka, hii petroli usikae nayo. Tangi usiiache nusu, na usiweke petroli kwa mtungi mwezi mzima. Ile spiriti inavuta unyevu kwa hewa. Huku kwetu na hii baridi, utakuta maji."

Kingori akamshika bega. "Kijana wangu, nimeendesha gari kabla babako hajaoa. Petroli na maji havijawahi kusikizana."

Sasa lazima nikuambie juu ya mtungi. Miaka michache nyuma petroli ilipotea, magari yakalala foleni, na Kingori aliapa hatashikwa hivyo tena. Tangu nianze kuugua, amekuwa na mtungi wa plastiki kwenye stoo, nyuma ya viazi. Petroli ya Mama Watiri, ndivyo anavyouita. Haiguswi. Jirani akija kuomba ya kuwasha mashine ya kukatia nyasi, anaambiwa hakuna, na Kingori si mtu wa kusema uongo. Kifuniko cha huo mtungi kilipotea zamani. Umezibwa kwa karatasi ya nailoni na gunzi la mahindi, kama mitungi ya kila mtu ninayemjua. Na petroli ya zamani ilikaa humo miezi, ukiimwaga ni ileile uliyoitia. Lakini mara ya mwisho kuujaza, aliujaza kwenye ile pampu ya petroli ya miwa.

Ikafika Julai. Kama hujui Julai ya kwetu, jua halionekani, ukungu unaingia hadi jikoni, nguo zinakaa kwa kamba wiki nzima na bado ni mbichi. Viazi vilianza kuota kwenye stoo. Mimi nilikuwa nimevimba, nina kiu ambayo siwezi kukuelezea, maana naruhusiwa maji kidogo tu kwa siku, kikombe kimoja cha chai unakigawa mara tatu. Mkononi nina mshipa ulioshonwa wa kuchomekea sindano za mashine. Ukiugusa unatetemeka, na sista alimwambia Kingori auguse kila asubuhi, akikuta umetulia atukimbize hospitali. Hiyo kazi aliipenda. Anafunga macho, anaweka vidole pale, anasikiliza kama anavyosikiliza injini. "Inawaka," anasema. Kila asubuhi, inawaka.

Nami hapo Julai nilikuwa nimeamua kuacha. Naisema wazi kwa sababu nimeificha vya kutosha. Hakuna aliyeniudhi, sikuwa na hasira na Mungu wala na sista. Nilikuwa nimechoka tu. Nimechoka na sindano, na kiu, na ile barabara, na kuona mzee wa miaka sabini akilala chini ya gari kwenye matope kwa ajili yangu. Nilipanga Ijumaa moja iwe ya mwisho. Nitaenda, nitasafishwa, halafu tukirudi, tukifika ile kona ya mikaratusi karibu na nyumbani, nitamwambia asinipeleke tena.

Alhamisi ya wiki hiyo Kingori alimpeleka mwanamke fulani kujifungua, akarudi tangi limekauka. Pampu ya Othaya nayo haikuwa na kitu, lori lao lilikuwa halijafika. Hakujali. Alikuwa na mtungi wa Mama Watiri.

Asubuhi akaumwaga wote kwenye tangi. Nilimwona kupitia dirisha, anaukung'uta hadi mwisho asipoteze tone. Akaja akanishika mkono. Inawaka. Akanisaidia kuingia, akanifunika, akaweka chupa yangu ya chai kando, akatoa mawe. Tukaanza kuteremka kwenye ukungu, kimya, kama kawaida. Nikasikia gia ya pili inaingia. Akaachilia klachi. Gari ikashtuka, ikakohoa mara mbili, ikapiga kelele kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena. Mteremko ukaisha. Tukavuka daraja polepole na tukasimama upande wa pili, pale pale barabara inapoanza kupanda.

Sasa fikiria hapo. Nyuma kilima, mbele kilima. Simu haishiki kule bondeni. Ule mteremko wetu, ambao ulituwashia gari miaka yote, ndio uliotuweka kwenye hilo shimo.

Kingori akafungua boneti, akafungua kabureta, akaja mlangoni akachukua kifuniko cha chupa yangu ya chai. Akarudi nacho kimejaa mafuta ya kabureta. Akasimama hapo kwa dirisha, amekishika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vitu viwili: juu petroli, chini maji mazito mazito, yamejitenga kabisa, hata mtoto angeona mstari.

"Ni maji," akasema. "Magdaline, nimekutilia maji."

Halafu akakaa kwenye jiwe la daraja, lililolowa, akalia. Si kwa sauti. Mabega tu. Nimekuwa na huyu mtu miaka arobaini na mbili, na nilimwona akizika mama yake bila kutoa chozi.

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka hata na kunyamaza. Nikafungua dirisha, nikamwambia, "Baba Watiri, wacha. Usijilaumu. Hata ingewaka, nilitaka leo iwe ya mwisho. Sitaki tena mashine. Nimechoka."

Akaniangalia. Mto ulikuwa unapiga kelele pale chini, nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia. Lakini alikuwa amesikia. Akafuta uso kwa kofia yake, akaivaa. Akaja akaingiza mkono dirishani, akavuta blanketi likafika hadi shingoni mwangu, akalibana vizuri. Kisha akageuka akaanza kupanda kilima.

Kingori ana nyonga mbaya. Nilimwangalia akipanda, anasimama, anashika goti, anapanda. Halafu ukungu ukamfunika. Nikabaki mimi na harufu ya petroli. Nilijiambia hivi ndivyo itakavyoishia na si vibaya sana, pana baridi lakini pametulia. Nilijiambia pia kwamba mtu akimwambia mume wake neno kama lile, mume anapaswa kujibu. Nilikasirika kidogo. Kukasirika kulinipa joto.

Baada ya muda mrefu nikasikia injini kubwa. Lilikuwa lori la majani chai, linarudi kinyumenyume kuteremka kilima, kwa sababu hakuna mahali pa kugeuzia kule chini. Kingori alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja ameshika kioo, mwingine anamwelekeza dereva. Sijui alimwambia nini yule dereva hadi akakubali. Wakaniinua wawili, wakaniketisha mbele katikati yao. Kule Othaya akapata gari ya kukodi, na tukafika Nyeri mashine yangu imeshapewa mtu mwingine. Nilingoja kwenye benchi hadi jioni. Kingori alisimama ukutani muda huo wote, matope hadi magotini, kila sista akipita anavua kofia.

Yale niliyoyasema darajani, hakuyagusa. Si siku hiyo, si kesho yake. Mimi nikasema basi, amekubali. Nikaumia, ingawa ni mimi niliyetaka akubali.

Jumapili mchana nikasikia sauti ya Abdishakur uani. Abdishakur ni mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, wamejuana na Kingori tangu siku za kubeba kondoo wa Chaka, na kwa miaka mingi hajakutana naye bila kuuliza swali moja: mzee, ile gari utaniuzia lini? Anataka ya kwenda nayo huko chini kwenye joto kuangalia mbuzi, anasema magari ya siku hizi ni vioo vitupu. Na Kingori siku zote anamjibu, ukiona nimeuza gari uje mazishini.

Nikatoka na fimbo yangu. Kanta ya Abdishakur, lori lake dogo la mifugo, ilikuwa imesimama langoni, kamba imefungwa, na Peugeot iliyokokotwa kutoka darajani iko nyuma yake. Kingori alikuwa anatoa vitu kwenye kiti cha nyuma. Alitoa blanketi na mto wangu. Akavikunja. Hakukuwa na vingine.

"Abdi," nikamwambia, "umempa nini huyu mzee?"

"Wallahi mama, mimi safari hii sikuuliza. Amenipigia mwenyewe." Akateremsha sauti. "Ameniapisha tu kitu moja. Ati nisiiwekee petroli ya miwa."

Wakaondoka. Kingori hakuangalia. Aliingia stoo, akautoa ule mtungi mtupu, akachomoa gunzi, akalitupa jalalani. Halafu akaja kukaa karibu nami kwenye benchi.

"Nimepata nyumba Nyeri," akasema. "Chumba kimoja. Nyuma ya hospitali. Ng'ombe atakaa kwa ndugu yangu, na chai Watiri atapanga wa kuchuma." Watiri ni binti yetu, ana duka la viatu katika mji wa Kenol. Kumbe walikuwa wamezungumza, wakanificha wote wawili. "Huko hakuna kilima. Hakuna petroli. Ni kutembea tu."

Kingori hajawahi kulala nje ya ule mgongo wa kilima isipokuwa kazi ya gari imlaze. Anasema maji ya mjini yanamfanya aote ndoto mbaya.

Nikamwambia, "Nilikuambia nimechoka."

"Nilisikia," akasema. "Nilifikiri umechoka na barabara. Kama ni barabara, hiyo nimeiondoa. Kama ni kitu kingine, sina kingine cha kuuza."

Tunaishi hapo sasa. Kitanda kimoja, jiko, dirisha linaloangalia ukuta wa watu. Kwenda hospitali ni karibu, lakini kwangu mimi hakuna karibu, kwa hivyo Kingori anabeba kiti cha plastiki. Tunatembea kidogo, anakiweka chini, nakaa, anasimama kando kama askari, tunaendelea. Watu wa mtaa wametuzoea. Gari kuukuu ikipita, anageuza kichwa kabla haijaonekana, anasema ni Datsun, au pointi zake za kuwashia zimeisha, halafu anakumbuka na kuinua kiti.

Sijapona uchovu. Usifikiri nimepona. Juzi Jumanne niliamka na maneno yangu yote tayari, yale yale ya darajani, nimeyapanga vizuri zaidi. Mvua ilikuwa inanyesha. Kingori akaja na kofia yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafunga macho, akaweka vidole kwenye mshipa wangu. Akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Niliona macho yake bado yamefungwa na nikajua anaogopa kuniangalia.

"Inawaka," akasema.

Nikamwambia alete kiti.